Kunguni Walitoka Kanduyi

Mama mkwe wangu alimvua Nekesa nguo zote katikati ya ploti, asubuhi, jua limeshika na kila mlango uko wazi. Alianza na sweta, akaitupa chini. Akatoa gauni, soksi, suruali ya ndani, hata ule uzi mwekundu niliokuwa nimemsukia kwenye nywele aliufungua kwa kucha akautupa kwenye matope ya mfereji. Nekesa alikuwa na miaka mitatu. Alisimama pale kitovu nje, akinitazama mimi, akingoja niseme kitu. Mgongo wake ulikuwa umejaa alama nyekundu kutoka shingoni mpaka kiunoni, zingine amezikuna mpaka zimetoa maji. Mama mkwe alimgeuza huku na huku mbele ya majirani. "Muangalie wenyewe," akasema. "Huyu ni mtoto ama ni chakula?" Mtu akacheka kule mlango wa mwisho. Mama mkwe alimwogesha kwenye karai kwa sabuni ya dawa aliyokuja nayo kutoka Bungoma, akamkausha kwa taulo aliyokuja nayo, halafu akafungua mfuko aliopewa na Rozi, bibi ya ndugu mkubwa wa bwana yangu. Ndani kulikuwa na gauni ya manjano, chupi mpya, na viatu vyeusi vya kanisa. Viatu vilimtosha sawasawa. Mpaka leo najiuliza Rozi alipima mguu wa mtoto wangu lini.

"Utamrudisha lini, Mama?" nikauliza.

"Siku hii nyumba itakuwa ya watu."

Barasa, bwana yangu, alikuwa kando anasugua kiatu chake kwenye jiwe kama mtu anayetoa matope, na kiatu hakikuwa na matope. Walipotoka kwa geti Nekesa alikuwa amefungwa mgongoni mwa nyanya yake kwa leso mpya. Hakuna hata uzi wangu mmoja ulioondoka naye.

Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini imepita, na ningeendelea kunyamaza kama nilivyozoea, lakini mwezi wa nane mwaka huu watu walileta ng'ombe za mahari ya Nekesa. Shughuli ilifanywa Kanduyi, kwa Rozi, chini ya hema ya kukodi yenye vitambaa vya zambarau. Mimi nilipewa kiti upande wa nyuma, karibu na mahali pa masufuria, moshi wote unanijia. Yule kijana wa kushika maiki akasema sasa mama ya msichana asimame tumvalishe blanketi. Nilikuwa nimeanza kuinua matako, Mungu anisamehe, nikaona Rozi amesimama kule mbele na kilemba chake kikubwa, anatabasamu, na akina mama wa ile familia nyingine wanamzunguka kwa vigelegele. Nikajifanya nilikuwa natengeneza leso, nikakaa. Baadaye Nekesa alikuja kunisalimia. Amekuwa mrefu, ana meno yangu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyomshika mgeni aliyetoka mbali. "Mama Kitale, asante kwa kukuja. Umekula?" Mama Kitale ndiyo mimi. Rozi ni Mama peke yake, bila jina la mji. Nikamwambia nimekula, na nilikuwa sijaonja hata maji.

Mimi shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo nitaandika vile nakumbuka, na watu nitawataja majina kwa sababu wao hawakuogopa kunitaja mimi.

Mwaka ule mimi na Barasa tulikuwa tunakaa Kitale, chumba kimoja nyuma ya masitoo ya mahindi. Barasa alikuwa anabeba magunia. Chumba kilikuwa cha mabati, ukuta umepigwa rangi ya samawati mpaka nusu halafu rangi ikaisha. Kitanda kilikuwa upande mmoja, na pazia la kukikinga. Upande wa pili jiko, sufuria zimefunikwa, debe la maji, na meza ndogo. Jioni ndani kulinuka vumbi la mahindi, kwa sababu Barasa alirudi nalo kwenye nyusi na masikio. Tulikula ugali na mrenda, ugali na kunde, siku ya mshahara ugali na matumbo, na Nekesa alikaa katikati yetu akitufinyangia tonge ndogo ndogo anatulisha sisi badala ya sisi kumlisha. Sikuwa najua kwamba hiyo ni raha. Nilikuwa nawaza kiti.

Nawaza kiti kwa sababu ya Krismasi. Kila Krismasi tulienda Kanduyi kwa mama mkwe, na hapo hapo kwa boma ndipo alikuwa amejenga ndugu mkubwa wa Barasa, aliyekuwa na kazi ya serikali, na bibi yake ndiye huyu Rozi. Watu walimwita Mama Kevin. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya simiti nyekundu iliyopakwa nta mpaka unajiona. Alikuwa na stima. Alikuwa na kabati ya vioo na gilasi ndani ambazo hazikutumiwa. Na alikuwa na viti vya kochi, seti nzima, kila kimoja kimevalishwa vitambaa vya kushona kwa mkono: cha kichwa, cha mkono wa kushoto, cha mkono wa kulia, vyeupe, vimetiwa wanga vikasimama. Kwetu mwanamke anajulikana kwa vitambaa vyake. Ukiingia kwa nyumba ya mtu unaangalia vitambaa kabla ujibu salamu. Mimi nilikuwa na vitambaa vyangu, nilivishona nikiwa msichana, vizuri kushinda vya Rozi, maua yake yamejaa, na vilikaa ndani ya mkoba wa nailoni kwa sababu sikuwa na kiti cha kuvivalisha. Nilimuonea Rozi wivu, na sioni haya kuandika hivyo. Hata ungekuwa wewe.

Nikiwa jikoni Krismasi moja, nachambua mboga, nilisikia mama mkwe na Rozi wakiongea kule nje kwa ukuta, hawajui niko hapo. Mama mkwe alisema, "Huyu wa Kitale akipita mtu anasikia moshi." Rozi akacheka kidogo, halafu akasema, "Lakini Nekesa ni mzuri, Mama. Angekuwa wangu ungeona vile ningemvalisha." Rozi alikuwa na wavulana wawili na daktari alikuwa amemwambia basi. Akasema tena, "Mungu naye." Mama mkwe akajibu, "Wacha tu." Nikaendelea kuchambua mboga. Nilifikiri hayo ni maneno ya wanawake ya kupitisha jioni.

Siku ya kuondoka Rozi aliniita sebuleni. Alikuwa anangoja seti mpya kutoka kwa fundi wa pale Kanduyi. "Mke mwenza," akaniambia, hivyo ndivyo tuliitana kwa sababu tumeolewa boma moja, "chukua hiki kimoja uende nacho. Hata wewe wageni wakikuja wapate mahali pa kukaa." Alikipiga piga mgongoni. Kilikuwa cha mtu mmoja, kitambaa cha kahawia chenye maua, bado kizuri. Mama mkwe alikuwa hapo akasema, "Unaona moyo wa mwenzako?" Nilipiga magoti nikashukuru. Kiti kilipanda juu ya lori la mahindi la mtu aliyejuana na Barasa, kikaingia Kitale kimekaa juu ya magunia kama mbunge, na ploti nzima wakatoka kukiangalia. Nilikivalisha vitambaa vyangu siku hiyo hiyo. Sisi wenyewe hatukukikalia. Barasa alikuwa anakaa kwa kitanda, mimi kwa kigoda. Kiti kilikuwa cha mgeni, na mchana Nekesa akisinzia nilimlaza pale, ajikunje ndani yake, kwa sababu nilitaka mtoto wangu ajue kulala kwenye kitu kizuri.

Baada ya wiki chache akaanza kujikuna. Nilifikiri ni mbu, nikaziba matundu ya dirisha kwa gazeti. Nikafikiri ni upele, nikampaka mafuta ya maziwa. Jirani yangu Mama Chebet, mtu wa huko juu mlimani, mwenye mdomo lakini moyo safi, ndiye alimuinua shati mtoto akasema, "Hii si mbu. Mbu huuma kama mlevi, pahali popote. Huyu ameumwa kwa laini, kama mtu anapanda mahindi." Tukainua godoro. Kwenye mshono kulikuwa na vidoa vyeusi, vingi, kama mtu amegonga gonga na biro. Kulikuwa na maganda membamba yenye umbo la mdudu lakini hakuna mdudu ndani, na vitu vyeupe vidogo vimegandana kwenye kona. Kwenye shuka kulikuwa na mistari ya damu iliyokauka, ambayo mimi nilidhani ni kutu ya ndoo ya kufulia. Mama Chebet akapasua mdudu mmoja kwa ukucha, ikatoka harufu kama ya dania iliyooza. Akasema, "Funga mlango kwanza. Hii kitu haisemwi kwa sauti."

Hivyo ndivyo nilianza vita vya kujificha. Mtu mwenye kunguni kwa ploti haazimwi blanketi, hakaribishwi kwa mlango, watoto wake hawachezi na wa wengine. Godoro nililianika nyuma ya choo. Nilichemsha maji karai kwa karai nikamwagia mbao za kitanda, nikachukua unyoya wa kuku nikachovya mafuta taa nikapitisha kwenye kila ufa, nikasimamisha miguu ya kitanda ndani ya mikebe yenye maji na mafuta taa. Shuka nilizichemsha kwa sufuria ya ugali, halafu nikasugua sufuria kwa majivu. Walipungua. Baada ya siku chache wakarudi kana kwamba walikuwa wameenda sokoni tu. Nikarudia. Wakarudi. Na kila Jumamosi, katikati ya vita hivyo, nilivua vitambaa vya kiti cha Rozi, nikavifua, nikavitia wanga, nikavipiga pasi, nikavirudisha. Kiti chenyewe sikukigusa. Ungenipiga viboko nisingekifikiria. Kunguni ni wa maskini, na kile kiti kilitoka kwa tajiri.

Sasa nimtaje Barasa. Barasa alichoka kujikuna, akarudi siku moja na ile dawa ya unga ya kuwekea mahindi, kwa karatasi ya sukari. "Hii inamaliza dumuzi kwa gunia zima," akasema. "Itashindwa na kunguni?"

"Si watu wanalala hapo, Baba Nekesa."

"Na mahindi si watu wanakula?"

Aliimwaga kwenye godoro lote, akaipanguza kwa mkono ikaingia vizuri, akatandika shuka juu. Kitale mzima ukiuliza utapata nyumba imewahi kufanya hivyo. Dawa iko karibu, ya bure, na mtu anaiona ikiua kila siku. Kunguni wakatulia. Nekesa akaanza kukohoa. Macho yakavimba, pua ikatoka maji meupe, na alama za mgongoni zikawa vidonda. Nilitoa lile godoro nikalipiga kwa fimbo mpaka mkono ukafa, lakini unga ulikuwa umeshaingia ndani. Nilikuwa nimepanga kumpeleka hospitali asubuhi hiyo ambayo mama mkwe alifika.

Hakuna mtu alikuwa ametuambia anakuja. Mtu hapiti tu kusalimia na viatu vya mtoto kwenye mfuko, kwa hivyo najua yalikuwa yamepangwa, na ni Barasa aliyepeleka habari, kwa sababu mimi nilikuwa sijamwambia mtu wa Kanduyi hata neno. Nilimkaribisha mama mkwe kwenye kiti. Alikaa humo, kwenye vitambaa vyangu, mkoba wake umeegemea pale pembeni, akanywa chai yangu, halafu akamwita Nekesa. Akamuinua gauni. Akanusa. Akaenda kwa kitanda akafunua shuka, akapitisha kidole, kidole kikatoka cheupe.

"Ni nani ameweka dawa ya mahindi mahali mtoto analala?"

Nikamwangalia Barasa. Barasa akaangalia mabati.

"Nauliza, Felista."

"Ni Baba Nekesa aliileta, Mama."

"Unaona," akasema, si kwangu, kwa hewa. "Sasa ni bwana. Mwanaume abebe magunia kutwa halafu ndiye wa kutandika kitanda." Barasa angesema neno moja pale. Hata nusu. Alitoka nje, na mama yake akafuata na mtoto mkononi, na yaliyofanyika uani nimeshayaandika.

Walipoenda, Barasa alihamia kulala kule sitoo juu ya magunia, ati mpaka nimalize usafi. Nikabaki na kile chumba. Mchana mmoja, nimechoka kusugua, nilikaa kwenye kiti cha mgeni kwa mara ya kwanza tangu kije kwangu. Nikalia, nikasinzia. Nikaumwa pajani, jua linawaka. Nilisimama nikakiangalia kile kiti muda mrefu. Halafu nikakipindua miguu juu. Chini kulikuwa na kitambaa cheusi kimepigiliwa misumari. Nikakichana kwa wembe, na Mama Chebet, niliyemwita, akarudi nyuma hatua nzima. Walikuwa wengi wanatembeleana kama harusi. Lakini nilichoinamia kukiangalia ni mahali mbao zilipoungana. Kila kiungo kilikuwa kimezibwa kwa nta ya mshumaa, imemwagwa ikiwa moto ikaganda, imekuwa ya njano kwa uzee. Na ndani ya nta, kwenye kiungo cha mkono wa kulia, kulikuwa na kunguni wawili wamekauka, unawaona kabisa.

"Nta ni yako?" akauliza Mama Chebet.

"Mimi natumia koroboi. Mshumaa nitautoa wapi?"

Akainama akaangalia tena. "Basi hiki kilikuwa mgonjwa kabla kije. Na mwenyewe alikuwa anakitibu."

Kwa Rozi kulikuwa na stima, na stima ya Kanduyi ikipotea watu wanawasha mishumaa. Niliukata ule mkono wa kiti kwa panga, nikaufunga kwenye gunia. Kilichobaki nilikichoma nyuma ya choo, na vitambaa vyangu juu yake, vyote. Baada ya hapo nilimwagia kitanda maji ya moto mara ya mwisho. Hawakurudi tena. Hawajarudi mpaka leo.

Nilifika Kanduyi mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu. Nekesa alichukuliwa wakati wa kupanda. Mama mkwe alinizuia mlangoni, akasema nikae kwa benchi ya nje, tusiletewe mambo ya Kitale ndani. Rozi akaniletea chai na mkate uliopakwa siagi, kwa sinia, kama mgeni wa kawaida. Nikafungua gunia nikaweka ule mkono wa kiti kando ya sinia.

"Mama Kevin, hii nta ni ya nani?"

Aliiangalia. Naapa alibadilika uso, kidogo, kama mtu amekanyaga kitu. Halafu akacheka. "Mke mwenza, nta ni nta. Kwani nimeiandika jina?"

"Kwangu hakuna mishumaa."

"Kama hukutaka kiti si ungesema tu."

"Mtu anapewa kitu kizuri," mama mkwe akasema kutoka ndani, "anakirudisha na maneno."

Wakati huo Nekesa akatokea, amenona, nywele zimechanwa, akapita mbele yangu akaenda kupanda kwa mapaja ya Rozi. Nilimwita. Aliniangalia akaficha uso kwenye kifua cha yule mwanamke. Na alipogeuza kichwa nikaona nyuma ya sikio lake alama mpya, nyekundu, zimefuatana kwa laini. Rozi mwenyewe alikuwa anajikuna kiwiko, na akaacha alipoona naangalia.

"Na hizi?" nikauliza.

Rozi akavuta kola ya gauni ya mtoto juu. "Ni mbu. Huku kwetu kuna mbu sana, si kama kwenu kwa baridi."

"Ni mbu," mama mkwe akasema.

Nilijaribu kumchukua. Alipiga kelele akanyoosha mikono kwa Rozi akiita mama, na watu wa boma wakatoka, na mimi ndiye nilionekana mwizi wa mtoto. Barasa nilipomweleza alisema acha asome huko, kwani wewe utampa nini. Kila likizo nilienda, na kila likizo niliambiwa atarudi muhula ujao. Mama mkwe ameshakufa, nilimlilia vizuri, yeye siwezi kumuuliza. Barasa anaishi Ndalu na mwanamke mwingine, analima, na nikikutana naye bado anaangalia juu.

Kwa hivyo umebaki wewe, Rozi. Sisemi ulinipa kiti ili unichukulie mtoto. Hilo Mungu ndiye anajua, na wewe. Nasema ulijua kilichokuwa ndani yake, ukakipiga piga mgongoni mbele yangu, ukaniacha nipige magoti. Na walipokuja kusema mimi ni mchafu, ulikuwa na mdomo na hukuufungua. Ng'ombe kaa nazo. Blanketi vaa, ni yako. Lakini kabla Nekesa aolewe, mkalishe chini, mimi nikiwepo, na umjibu yeye, usinijibu mimi: alipoumwa kwangu alichukuliwa, alipoumwa kwako akaachwa. Mwambie ni kwa nini.